Namna ya kukusanya kumbukumbu za mhariri wa gazeti aliyetutoka

Misiba ya Dodoma tunaijua. Turubai limefungwa, viti vya kukodi vimepangwa, MC anapewa karatasi na mmoja wa watoto anaanza kusoma wasifu: marehemu alizaliwa mwaka fulani kijiji fulani wilaya ya Mpwapwa, akasoma, akaajiriwa gazetini, akapanda mpaka kuwa mhariri, akastaafu, akaugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Dakika tano zimeisha, watu wanapanga mstari kuaga. Akiwa ni mwalimu angalau wanafunzi wake wamejaa pale chini ya turubai, akiwa fundi nyumba alizojenga zinaonekana. Mhariri ana shida yake peke yake, kazi yake haina jina. Stori inatoka na jina la mwandishi, picha inatoka na jina la mpiga picha, tahariri inatoka bila jina kabisa, na yeye aliyekaa mpaka saa sita usiku akikata, akipanga upya, akipiga simu mikoani kuuliza hii takwimu umeitoa wapi, haonekani popote kwenye ukurasa. Ukitaka kumpata inabidi uwafuate watu ambao aliwakata stori zao.

Kuna wahariri wawili wa zamani ambao historia haijawasahau. Benjamin Mkapa alishika The Nationalist, gazeti la Kiingereza la TANU, toka 1966, halafu The Nationalist na The Standard zilipounganishwa 1972 zikawa Daily News akaenda kuongoza hapo, na miaka 23 baadaye chama kikamteua kugombea urais hapahapa kwetu, pale Chimwaga. Frene Ginwala aliwekwa na Mwalimu Nyerere kuongoza The Standard serikali ilipolitaifisha 1970, na 1994 akawa Spika wa Bunge la Afrika Kusini. Ila angalia vizuri, wote wawili wanakumbukwa zaidi kwa kazi walizofanya baada ya kuondoka kwenye meza ya uhariri. Mzee wenu ambaye alibaki mezani mpaka anastaafu hana wa kumuandikia zaidi yenu nyie, watoto wake na vijana aliowafundisha kazi. Nimeshiriki kukusanya kumbukumbu za mzee mmoja wa namna hiyo, aliongoza dawati la habari miaka mingi akaja kumalizia uzee wake Dodoma, jina lake naliacha kwa familia yake. Haya ninayoandika hapa ndo mambo ninayoona yanafaa kufuatwa na yeyote anayetaka kufanya hivo.

Ingia kwa familia kwanza

Usianze na kundi la WhatsApp la waandishi, anza nyumbani. Subiri matanga yaanuliwe, wageni waondoke, mama apumzike, lakini usisubiri sana. Kwa ninavyoona mimi baada ya arobaini ndo wakati mzuri, vitu vyake bado havijagawiwa na kile chumba alichokuwa anawekea magazeti bado hakijageuzwa cha kupangisha. Ukichelewa utaambiwa yale makaratasi yalichomwa, au yaliwekwa stoo chini sakafuni na mchwa wakayamaliza, na mchwa wa huku kwetu wakishaingia kwenye boksi la magazeti unakuta udongo tu.

Nenda na mtu wanayemfahamu. Shikamoo ya mama kwanza, kilo mbili za sukari mkononi, kaa, kunywa chai, zungumza habari za watoto na mvua, na ile kazi iliyokuleta iache mpaka mama mwenyewe aulize. Ruhusa ni ya mama lakini mara nyingi kuna msemaji wa ukoo, kaka mkubwa wa marehemu au baba mdogo yuko Kongwa huko au Kondoa, na huyo asipoambiwa mapema atakuja kuuliza nani kawaruhusu kuandika habari za ndugu yake na kazi yote itasimama. Mpigie simu kabla hujawasha rekoda hata mara moja.

Waeleze bila kuzunguka: mnataka kutengeneza kitu gani (kijitabu, au mkusanyiko wa sauti, au vyote), nani atakisoma kabla hakijatoka, na vitu mtakavyoazima vitarudi lini. Kila unachochukua kiandike kwenye daftari mbele yao, picha ngapi, diary za mwaka gani, kitambulisho cha uandishi, kila kitu, na mtoto mmoja asaini na wewe usaini. Halafu omba wakupe mwenzako mmoja kutoka ndani ya nyumba. Asiwe lazima mtoto mkubwa. Kwetu alikuwa binti wa mwisho, yeye ndo alikuwa anamsomea baba yake magazeti macho yalipopungua, na mzee alikuwa bado anahariri kwa mdomo, anamsimamisha katikati ya sentensi anamwambia hapo wameandika mambo mawili kwa mpigo, rudia. Huyo binti alijua jinsi baba yake anavyofikiri kuliko watu waliofanya nae kazi miaka yote.

Jua alipita wapi kabla hujaenda kuuliza watu

Chora maisha yake ya kazi kwenye karatasi moja, miaka upande wa kushoto, gazeti na cheo upande wa kulia. Usiende kwa watu kichwa kitupu, mzee wa miaka 75 akiona hujui tofauti ya Uhuru na Mzalendo anakupa majibu ya heshima tu basi.

Uhuru lilianza 1961 likiwa gazeti la TANU, Mzalendo likawa la Jumapili. Shirika la habari la serikali, Shihata, liliundwa 1976 na waandishi wengi wa mikoani walipitia huko. Mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Magazeti ambayo ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na sheria hiyo ilikaa mpaka ilipokuja ya Huduma za Habari 2016, kwahiyo mhariri karibu yeyote wa umri huo alifanya kazi miaka mingi akijua kosa la ukurasa mmoja linaweza kuzima mitambo yote. Vyama vingi viliporudi 1992 magazeti binafsi yakaongezeka, wengine wakahama kutoka magazeti ya chama na serikali wakaenda huko, Mwananchi likaanza 2000, HabariLeo 2006. Kila kipindi kina maswali yake. Aliyekuwa Uhuru miaka ya sabini muulize simu kutoka ofisi za chama zilikuwa zinakuja saa ngapi na mzee alizijibu vipi. Aliyekuwa gazeti binafsi miaka ya tisini muulize mshahara ulipochelewa mzee aliwaambia nini vijana wake, na kesi za kashfa zilipokuja nani alienda mahakamani.

Na kwa sisi wa Dodoma kuna mstari wetu wa peke yetu wa kuweka kwenye hiyo karatasi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipita 1973, vikao vya Bunge vikawa vinafanyika huku kwa kudumu kuanzia 1996, serikali yenyewe ikahamia kuanzia 2016, na Dodoma ikawa jiji 2018. Mhariri aliyekuwa anapokea stori za Dodoma aliona mambo hayo yote yakija mezani kwake kipandekipande, CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) inagawa viwanja, CDA inavunja nyumba, mpaka CDA yenyewe ikavunjwa 2017. Ukimpata mwandishi aliyekuwa mwakilishi wa mkoa miaka hiyo, muulize ni stori ipi ya viwanja ambayo mzee alikataa kuitoa mpaka aletewe barua yenyewe. Ipo tu, haikosi.

Swali lenyewe

Hapa ndo pa kukaa sana. Ukimuuliza mtu marehemu alikuwa mtu wa namna gani, utajaza daftari zima na alikuwa mcheshi, mchapakazi, mcha Mungu, asiye na makuu, ameacha pengo lisilozibika. Hawasemi uongo, ila ndo maneno yaliyoko karibu na mdomo, na ukibadilisha jina yanamfaa marehemu mwingine yeyote. Mzee mwenyewe angekuwepo angepiga mstari hapo.

Uliza hivi: alikufuta nini? Ni sentensi gani uliandika akaikata na mpaka leo unaikumbuka? Ni stori gani yako alikataa kuitoa? Kichwa gani cha habari alibadilisha dakika za mwisho? Watu wanaoandika hawasahau kilichofutwa, hata kama imepita miaka thelathini. Kuna kaka mmoja ambaye sasa hivi na yeye ana nywele nyeupe, nilipomuuliza hivo alicheka kwanza halafu akanyamaza halafu akaingia ndani akatoka na karatasi. Ilikuwa stori yake ya kupiga taipureta kuhusu wakulima wa zabibu wa Hombolo, karatasi imekuwa njano, kwenye mkunjo imeshaanza kukatika. Sentensi ya kwanza ilisema wakulima wa zabibu walia. Neno walia limepigwa mstari wa kalamu nyekundu na pembeni kwa mwandiko mdogo ulioinamia kulia kumeandikwa: wanalipwa shilingi ngapi kwa kilo, walilipwa ngapi mwaka jana, mnunuzi anasemaje. Chini zaidi aya ya nne, ambapo yeye alikuwa ameandika inasemekana, mzee aliandika Nani? halafu aya ya sita tena Nani? Yule kaka alirudi Hombolo kwa baiskeli siku iliyofuata kutafuta bei. Stori ilitoka wiki moja baadaye, fupi kuliko ya kwanza, na anasema ndo siku alipoanza kuwa mwandishi. Sasa hiyo karatasi moja imembeba mzee kuliko kurasa kumi za sifa.

Kwahiyo ukienda kwa mtu jaribu kwenda na kitu cha kumuwekea mbele. Ukurasa wa gazeti wa siku zile, picha ya chumba cha habari, hata kalamu. Mtu akishika ukurasa anaanza kuusoma, anasema aa hii siku umeme ulikatika, na hapo hapo umeshapata kitu ambacho usingejua kukiuliza.

Uliza pia kuhusu siku moja moja, sio miaka. Tarehe 12 Aprili 1984, Sokoine anatoka bungeni Dodoma anaelekea Dar anafariki ajalini Dakawa, chumba cha habari kilikuwaje jioni ile, nani alipokea simu, mzee alisema nini kwanza, alisubiri nini kabla hajakubali kupanga ukurasa. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria inarudi nyuma na kugonga ya mizigo kule Igandu, watu zaidi ya 200 wanakufa, waandishi wa Dodoma walikuwa wanapeleka picha. Zipi mzee alikataa zisitoke? Idadi ya marehemu alikubali kutoka kwa nani? Maswali ya namna hii yanamfanya mtu akumbuke mikono na sauti, sio tabia kwa ujumla. Na yanakusaidia kwenye tarehe pia, maana wazee wetu wengi watakuambia ilikuwa enzi za Mwinyi, na enzi za Mwinyi ni miaka kumi mizima, ila ukimuuliza ilikuwa kabla au baada ya MV Bukoba kuzama anaweza kukujibu pale pale ilikuwa baada, na hapo unajua enzi za Mwinyi zilikuwa zimeshapita.

Usiishie kwa wakubwa

Wahariri wenzake watakuja wenyewe, wana maneno mazuri na wamezoea kuongea. Kazi yako ni kuwatafuta wengine. Tarishi aliyekuwa anabeba kurasa kutoka meza moja kwenda nyingine anajua nani alikuwa anaogopa kuingia chumba kile. Mpiga taipu alikuwa anausoma mwandiko wake kila siku. Msanifu kurasa alikuwa anabishana nae kuhusu nafasi, mzee anataka maneno yabaki na tangazo limeshalipiwa. Dereva wa gari la magazeti anajua ni usiku gani waliondoka Dar alfajiri kwa sababu ukurasa wa mbele ulibadilishwa. Miaka ile gazeti lilichapwa Dar, likapita Morogoro, Gairo, Kibaigwa, likafika Dodoma mchana jua limeshawaka, na muuza magazeti wa zamani pale mjini anakumbuka vichwa gani vilimaliza rundo na vipi vililala mezani. Mama aliyekuwa anauza chakula karibu na ofisi anajua ni mara ngapi mzee alimlipia kijana mgeni ambaye hajapata hata posho ya kwanza. Mimi naona hao ndo wanatoa kumbukumbu safi zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Makorespondenti wa wilayani wasisahaulike kabisa. Wapo Manyoni, Mpwapwa, Kondoa, wengine walishaacha uandishi wanalima alizeti. Walikuwa wanasubiri foleni posta kupiga simu, wanasoma stori neno kwa neno upande wa pili kuna mtu anaandika, au wanampa kondakta wa basi bahasha. Muulize huyo: mzee alikuwa anakulipa kwa wakati? Alikuwa anakupigia kukuambia stori yako imekufa kwa sababu gani, au ilikuwa inapotea tu? Hapo utamjua mhariri kwa jinsi alivyomtendea mtu aliyeko mbali asiye na nguvu ya kulalamika.

Halafu wale aliogombana nao. Wafuate. Mwandishi aliyefukuzwa, mwanasiasa aliyekuwa anapiga simu usiku, mwenzake waliyegombania cheo. Nenda kwa upole, mwambie wazi kwamba unakusanya kumbukumbu na hutaki sifa peke yake. Wengi wanakubali, na mara nyingi ugomvi ndo unaonyesha alikuwa anasimamia nini. Mmoja alituambia mzee alirudisha bahasha ya kaki yenye hela ofisini kwa mkuu mmoja, akiwa amefuatana na yule mwandishi aliyeipokea, na akamlazimisha aitoe kwa mkono wake mwenyewe. Huyo mwandishi alikasirika miaka mingi. Alikubali tuandike tukio bila jina lake, na tukaheshimu hivo. Akitokea mtu anamtuhumu mtu mwingine aliye hai, usichapishe mpaka huyo mwingine naye aulizwe, hiyo ni kanuni ya kazi ambayo marehemu aliifuata maisha yake yote, haiwezi kuvunjwa kwa jina lake.

Mambo ya ndani ya nyumba

Familia ina kumbukumbu tofauti kabisa na ofisi, kwao yeye ni mtu ambaye hakuwepo. Alirudi watoto wamelala akaondoka wako shule, sikukuu ya Krismasi au Idd alikuwa zamu. Msiwalazimishe kusema walikuwa na fahari tu. Waache waseme na upweke pia, mama aseme alivyokuwa anaacha sahani ya chakula imefunikwa na kawa mezani, mtoto aseme alivyokuwa anajua baba karudi kwa sababu asubuhi kuna gazeti la siku hiyo mezani wakati mtaa mzima bado haujalipata. Zungumza na kila mtu peke yake. Ukimkalisha mama sebuleni na watoto wote wamemzunguka, mkubwa ataongea, wengine watakubali kwa kichwa.

Bibi yupo? Nenda kijijini. Msalimie mbukwenyi, kaa kwenye kigoda, na kama Kigogo ndo lugha inayomtoka vizuri basi aongee Kigogo, rekodi yote, usimkatishe kila sentensi ili utafsiriwe. Tafsiri itafanyika baadae na mtu wa kutoka upande ule ule, kabisa asiwe mtoto wa mjini anayebahatisha. Bibi ndo atakayekuambia mtoto huyu alianza lini kupenda kusahihisha watu.

Kuna mambo magumu yatatokea. Mama mwingine na watoto wengine wanaweza kuwepo, pombe inaweza kuwepo, deni linaweza kuwepo. Hilo ni la ukoo kuamua, sio lako. Unachoweza kufanya ni kusema mapema kwamba mtoto yeyote wa marehemu anayetambuliwa na ukoo atapata nafasi ya kusema, na kwamba kitabu hakitakuwa mahali pa kumalizia kesi ya mirathi. Kama kuna mtu hataki kutajwa, hatajwi, hata kama habari yake ni tamu kiasi gani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi toka 2022, ila hata isingekuwepo, heshima inatosha.

Kurekodi

Simu janja inatosha. Weka flaiti modi ili asipige mtu katikati, tandika kanga mezani ndo uweke simu juu yake, isiwe mbali na mdomo. Dodoma upepo ni adui mkubwa, barazani utarekodi upepo tu hasa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, ingieni ndani, na kama paa ni bati na mawingu yametanda ahirisheni. Rekodi dakika moja ya majaribio usikilize kabla hamjaanza kweli. Mwanzoni mtu aseme mwenyewe jina lake, alifahamianaje na marehemu, na kwamba amekubali sauti yake itumike. Ukimaliza usizime haraka, watu wengi hutoa jambo zito wakati unasimama kuaga.

Siku hiyohiyo lipe faili jina na tarehe, likopi kwenye kompyuta na kwenye flashi ambayo inakaa kwa mtu mwingine. Sauti za kwenye WhatsApp zikiachwa humo humo zinaondoka na simu siku inapoibiwa stendi.

Makaratasi na magazeti

Nakala za zamani zinapatikana maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kile kitengo cha East Africana, pia Maktaba Kuu ya Taifa na Nyaraka za Taifa. Maktaba za magazeti yenyewe nazo ukiomba kwa barua wanakuruhusu mara nyingi. Kwa habari za bungeni tumia Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, kuhakikisha nani alisema nini siku gani. Ukipata ukurasa piga picha ukurasa mzima kwanza, tarehe na namba ya toleo vionekane, ndo usogee kwenye stori. Mwanga wa dirishani, bila fleshi, karatasi ilale flati.

Za nyumbani usizitie laminesheni, usibandike selotepu, usibane na stepla. Karatasi ya gazeti ina asidi, jua linaigeuza njano haraka na pini inaacha kutu. Weka ndani ya bahasha safi, bahasha ndani ya boksi, boksi juu ya kitu, sio sakafuni wala kuegemea ukuta.

Tahariri ndo mtihani. Hazina jina, na kila mtu atakuambia ile nzuri aliandika mzee. Usimpe tahariri kwa kubahatisha. Tafuta rasimu yenye mwandiko wake, au watu wawili waliokuwa kwenye dawati siku ile ambao hawajakaa pamoja wakakubaliana. Ikikosekana, iache. Kumpa mtu kazi isiyo yake ni kumnyang'anya mwingine ambaye pengine yuko hai na yuko kimya kwa adabu.

Kuipanga

Usisafishe sauti za watu mpaka zifanane. Dereva aongee kama dereva, profesa kama profesa. Punguza marudio, tengeneza majina, basi. Watu wawili wakikumbuka tukio moja tofauti ziweke zote mbili jirani, usichague. Majina ya kwenye picha andika kutoka kushoto, na hakikisha kila jina na mtu wa pili, kwa sababu kukosea jina la mtu kwenye kitabu cha mhariri ni jambo ambalo familia haitalisahau. Halafu pita mara moja kazi yako ni kufuta sifa tu, kila mahiri, kila nguli, kila gwiji, uone kama sentensi imesimama bila hilo neno. Mimi napendelea kitabu kianze na watu wadogo, tarishi na korespondenti, wakubwa wafuate, familia ifunge.

Kila aliyechangia asomewe sehemu yake kabla ya kuchapwa, mama asomewe yote.

Hela ya kuchapa ichangwe na wengi kidogokidogo, mhazini atoke kwenye familia na hesabu ziwekwe wazi kwenye kundi. Mwanasiasa akijitolea kulipa zote mshukuru na mkatae, au apokelewe kwa kiasi sawa na wengine, la sivyo utangulizi utakuwa wake na picha ya kwanza itakuwa yake. Toeni nakala za kutosha kwa kila aliyesimulia, moja maktaba ya mkoa hapa Dodoma, moja Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa wanafunzi wa uandishi, moja Dar kwenye maktaba mlikopata magazeti.

Wale waliosimulia na macho hayaoni tena, au hawakusoma, usiwatumie kitabu kwa mkono wa mtu. Nenda mwenyewe ukawasomee, na uwe na simu yenye chaji, maana katikati ya kusoma watakusimamisha kusema hapana, haikuwa Jumanne, na huyo dereva hakuwa peke yake. Washa rekoda hapo hapo, andika marekebisho pembeni ya nakala yako na jina la aliyerekebisha, na yaingie kwenye uchapaji wa pili.